Sonara na Radhi ya Mama

Kaka yangu anauza misumari. Anaipima kwa kilo kwenye duka la vifaa vya ujenzi la shemeji yake, anaifunga kwenye gazeti, anampa mteja, kisha anarudi kukaa kwenye ndoo ya rangi iliyopinduliwa. Asiyemjua atasema ni muuza duka kama wengine. Mimi nikipita pale nageuza uso. Mikono ile ilikuwa ikiunga mkufu uliokatika, mwembamba kama uzi wa kushonea, na mwenyewe akirudishiwa anauvuta huku na huku akitafuta palipokuwa pamekatika, asipaone.

Alikuwa sonara. Meza yake ilikuwa chumba cha jirani na saluni yangu, na mimi ni msusi, kwa hiyo nitakayosema niliyaona kwa macho yangu au niliyasikia kupitia ukuta wa mbao. Nikisema kwa ukali mnisamehe. Nilizaliwa na mdomo huu, halafu mambo haya yakaupa kazi.

Maumivu yalimwanza akiwa kijana wa miaka thelathini na kitu. Yalikuja kila mwaka msimu ule ule, kila alasiri, muda mfupi baada ya chakula. Si kichwa kama changu na chako, cha kumeza vidonge viwili na kujilaza. Yalishika upande mmoja tu, nyuma ya jicho la kulia. Jicho linakuwa jekundu na kutoa machozi, kope inalegea, tundu la pua la upande huo linachuruzika, na upande wa pili wa uso uko mkavu, hauna habari. Na hatulii. Watu wote walimwambia alale, naye kulala ndiko kulikomzidishia. Alizunguka chumba, akakandamiza paji la uso kwenye fremu ya chuma ya mlango, akajipiga kwa kiganja. Siku moja nilimsikia akisema polepole, "Litoeni hili jicho," na mle ndani alikuwa peke yake. Baada ya kama saa moja yanakatika ghafla, ananawa uso, anarudi mezani. Wateja wangu waliulizana kama ni ulevi au ni mapenzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa sikia ubaya wa ugonjwa huu. Unamtesa mtu wiki kadhaa, kisha unaondoka wenyewe, miezi na miezi, kana kwamba haukuwahi kuwepo. Sisi hatukujua kwamba unaondoka wenyewe. Kwa hiyo kila aliyekuwa wa mwisho kumgusa alionekana ndiye tabibu. Mwaka mmoja aling'olewa gego, zima kabisa, halina hata tundu, maumivu yakaisha, tukamsifu yule wa meno. Mwaka uliofuata yakarudi, akang'olewa la jirani yake. Tukanunua miwani. Nikamwambia wifi, mke wake, "Mkiendelea hivi mume wako atabaki na ufizi mtupu." Alicheka, halafu akalia.

Mama yetu hakucheka. Mwaka ule alikuwa anakaa kwangu, na mchana alikuwa akiweka kiti mlangoni kwa kaka kumtazama anavyofanya kazi. Sonara anainama mezani, kioo cha kukuzia amekibana kwenye jicho la kulia, mdomoni ameshika kifilimbi cha shaba anachopulizia moto wa taa uende kwenye kiungo. Moto, jicho na pumzi, vyote upande mmoja. "Mnatafuta nini kwenye meno?" mama akatuuliza. "Moto huu ndio unaomla mwanangu." Hata wewe ungekuwepo ungesema hivyo hivyo.

Akamwita kaka mbele yangu, mbele ya wifi na ya mama mdogo, ambaye ni mdogo wake wa tumbo moja. Akamshika mkono. "Kama ni mimi niliyekuzaa, hutakaa tena mbele ya moto huo. Siku utakayokaa, radhi yangu huna."

Maumivu yalikuwa ndiyo kwanza yamemwachia, jicho bado jekundu. Akasema, "Sawa, mama."

Na yakakoma. Wiki ile ile, jamani. Msimu ulikuwa umefika mwisho wake, basi, lakini nani angetuambia? Mama alitembea mtaani kama mtu aliyeshinda kesi. Shemeji akampa kaka kazi ya misumari, na watu wakamfariji kwa methali, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo lake halikuvunjika. Lilikuwa mezani, zima, limefunikwa kitambaa. Kabla mwaka haujaisha mama akafariki, usingizini, moyo umetulia. Alikwenda akijua amemwokoa mwanawe.

Msimu uliofuata maumivu yalimkuta dukani. Hajashika moto mwaka mzima, hajabana kioo jichoni, na jicho likawa jekundu lile lile.

Safari hii wifi alimpeleka hospitali kubwa, kwa daktari wa mishipa ya fahamu, na mimi nikafuatana nao, maana wifi hujibu anachoulizwa tu. Daktari alimuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kumuuliza. Ni upande mmoja siku zote? Yakija unalala au unatembea? Yanachagua saa? Kaka alijibu kila swali kabla halijaisha, kwa kuona kuna mtu anayejua.

Daktari akatueleza kwamba kuna sehemu ndogo ndani kabisa ya ubongo inayoupangia mwili saa zake, za kulala na kuamka, na inaonekana hapo ndipo panapoanzia, kisha mshipa wa fahamu wa uso unachokozeka. Kwa nini yampate huyu na si yule, hata wataalamu hawajamaliza kulijua. Si jino, si jicho. Wakati wa msimu pombe huyaamsha, hata glasi moja, na baadhi ya watu huamshiwa na harufu kali. Sigara nayo si rafiki. "Msimu ukipita, fanya kazi yako unayoipenda," akasema.

Tulikuwa bado tumekaa pale maumivu yalipoanza. Wakamvalisha barakoa na kumfungulia oksijeni ya mtungi kwa kasi. Nilijiandaa kumwona akitafuta mlango wa kukandamiza kichwa. Haikufika hata nusu saa, akatulia. Akaivua barakoa akaitazama.

"Hewa," akasema. "Nimeacha kazi yangu kwa ajili ya kitu kinachoondoka kwa hewa."

Akaandikiwa vidonge vya kuzuia, wakampima moyo kwanza, wakamwambia avivumilie, havishiki kazi siku moja. Tulipotoka nje nilimwambia, "Basi, rudi mezani."

"Na radhi ya mama?"

"Mama alikosea, kaka. Umesikia mwenyewe."

"Nimesikia. Lakini kukosea kwake hakunifungui. Aliyefunga ndiye hufungua, naye hayupo."

Nampenda mama yangu. Siku ile nilimkasirikia mpaka meno yakaniuma, na marehemu hana pa kupelekewa hasira. Nikaipeleka kwenye simu, nikampigia mama mdogo. Mama mdogo ni mama, na alikuwepo neno likitamkwa. Nilimweleza yote ya daktari. Akasema, "Dada alifunga kwa uchungu. Mimi nitafungua."

Nilitaka asubiri msimu upite. Hakuweza, alikuwa anahamia mbali kwa mwanawe wiki ile ile. Kaka akasema aje, mradi aje asubuhi, asubuhi huwa mzima. Tukakubaliana asubuhi. Mama mdogo akafika baada ya chakula cha mchana, anatabasamu, amechelewa maana alianzia kwa shoga zake kuwaaga, na kila nyumba walimkalisha. Nilimwambia kaka aahirishe hadi kesho. Akasema kesho ndiyo siku ya safari, na amengoja vya kutosha.

Mama mdogo akamwekea mkono kichwani. "Kwa niaba ya dada yangu, radhi unayo. Kaa, mwanangu."

Kaka akafunua kitambaa pale mezani. Wifi akavua pete yake, iliyokuwa imepasuka siku nyingi na hakuna aliyethubutu kumtajia kaka, akaiweka mezani. Kaka akawasha taa, akabana kioo, akashika kifilimbi. Moto ukalala ukaelekea kwenye pete. Mkono ulikwenda kana kwamba haujawahi kuacha kazi, na mimi nikapiga kigelegele.

Kisha kifilimbi kikaanguka. Kaka akasimama, machozi yanatoka jicho moja, akaenda moja kwa moja kwenye fremu ya mlango.

"Ni saa yake," nikamwambia mama mdogo. "Yangemkuta popote. Jana yalimkuta dukani."

"Jana sikuwepo," akajibu. Alikuwa amejishika kifua. "Leo nimeona kwa macho yangu. Amekaa tu, yamempiga."

"Daktari alisema..."

"Daktari hakumzaa. Dada alijua alichokisema, na mimi nani nilivunje neno lake? Nautoa mkono wangu." Akamgeukia kaka, pale alipokuwa akijigonga kichwa. "Mwanangu, nilichosema nimekirudisha."

Kesho yake alisafiri akilia, na najua alilia kwa mapenzi. Mapenzi hayo hayo ndiyo yaliyomfikisha kaka kwenye misumari.

Lakini jioni ile ya pete, kabla mama mdogo hajasafiri, maumivu yalipokwisha kumwachia, kaka alinawa uso, akazima taa ya mezani. Nilimwambia asimsikilize mama mdogo, yeye anajua ukweli.

"Naujua kuliko wewe," akasema. "Mama mmoja ningeweza kumkosea nikaishi. Wawili siwezi."

Pete ya wifi ilikuwa imeungana nusu. Hakuimalizia. Asubuhi aliifunga kwenye karatasi, akaipeleka kwa sonara wa mtaa wa pili, akakaa kwenye benchi la wateja, akasubiri zamu yake.