Harusi ya Bibi Iliyonuka Kabichi

Watu wengine wakisikia harufu ya kabichi wanakumbuka chakula. Mimi nakumbuka harusi. Juzi nilipita sokoni hapa Morogoro mjini baada ya mvua, pale wanaposhusha kabichi za Mgeta na kuyafyeka majani ya nje kwa panga, na ile harufu mbichi, kali, iliyo jirani na kuoza, ikanisimamisha. Muuzaji akaniuliza, "Dada, nikufungashie ngapi?" Nilikuwa nimesharudi mlimani, nimevaa gauni la njano linalonibana kwapani, na mbele yangu bibi yangu mzaa mama amevaa shela, ameshika mchi.

Ngoja nianze mwanzo, msije mkadhani bibi yangu alikuwa mkorofi. Alikuwa mkorofi, lakini si bila sababu.

Bibi Skolastika aliishi na babu Leonsi tangu wote wawili hawana hata mvi, wakazaa, wakalea, wakazika. Jambo moja hawakulifanya: kufunga ndoa kanisani. Mjomba wake Babu, aliyekuwa mkubwa wa ukoo, alikataa katakata. Kwetu Uluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo unafuata tumbo la mama. Mwanamume akifa, shamba lake huenda kwa watoto wa dada zake, si kwa watoto aliowazaa. Mzee yule aliamini kwamba cheti cha padre kina nguvu kuliko ukoo, na kwamba mwanamke aliyeolewa mbele ya altare siku moja atalibeba shamba lao aende nalo kwao. Babu alimwogopa mjomba wake kuliko radi, akatii.

Basi kila Jumapili Bibi alikwenda misa, akaimba kuwashinda wanakwaya, na wakati wa komunyo ulipofika alibaki kwenye benchi, maana anayeishi na mume bila ndoa ya kanisani haruhusiwi kupokea. Wenzake walinyanyuka, wakampita magotini, wakaenda kupokea. Yeye akabaki anaitazama mikono yake. Mimi nilibaki naye, maana nilikuwa bado sijapata komunyo ya kwanza. Alikuwa akininong'oneza, "Mimi na wewe, watoto wadogo." Nilicheka. Sikujua kwamba mtu mzima anaweza kuona aibu kila wiki, maisha yake yote, na bado akavaa kitenge chake kizuri akaenda tena. Waliomwambia mvumilivu hula mbivu aliwajibu, "Zangu zimeshaanza kuoza."

Mwisho mjomba wa Babu akafa. Babu, ambaye wakati huo alishaanza kutembea kwa fimbo, alikwenda kwa padre bila kutumwa na mtu. Naona hilo ndilo jambo la kishujaa kuliko yote aliyowahi kufanya, na hakuna aliyelipigia kigelegele. Mama yangu alitafuta gauni la mtumba mjini, akalipandisha mlimani limefungwa kwenye shuka lisipate vumbi. Mimi nikapewa kazi ya kushika mkia wa shela. Bibi alijitazama kwenye kioo cha Babu cha kunyolea, kipande kwa kipande, kwa kuwa hakikumtosha, akasema, "Leo nakula." Alimaanisha komunyo.

Asubuhi ile ile akaja Fabiani. Alikuwa mtoto wa dada yake Babu, mrithi wa shamba na, kama tulivyokuja kuona, mrithi wa hofu ya yule mzee pia. Alikuja na wadogo zake, kila mmoja na panga. Babu alikuwa uani, ameinama anafunga kamba za viatu.

"Shikamoo, Mjomba," Fabiani akasema.

"Marahaba," Babu akaitika.

Ndipo Fabiani akampiga mgongoni kwa ubapa wa panga. Mpaka leo nashangaa: hasira yote ile, na adabu haikusahaulika. Babu alianguka kifudifudi, akapigwa tena akiwa chini. Wadogo zake Fabiani walivamia banda la harusi, wakakata nguzo, turubai likawaangukia wapishi na masufuria yao. Kisha wakaingia kwenye bustani ya Bibi, wakaanza kuzifyeka kabichi alizozitunza kwa ajili ya karamu, taratibu, kama vibarua waliokuja kazini. Vipande viliruka hadi kwenye kuta za nyumba. Mjomba wangu alimrukia mmoja wao, wakabingirika matutani. Alipoinuka sikio lake lilikuwa limepasuka na damu inamchuruzika kwenye tai aliyoazima. Wanawake walipiga mayowe. Mimi nilisimama mlangoni na mkia wa shela mkononi, kwa kuwa nilikuwa nimeambiwa nisiuachie.

Babu aliinua uso, mdomo umejaa udongo. "Mama Yustina," alimwita Bibi kwa jina la mama yangu, "waambie. Waambie lile neno moja tu, yaishe."

Bibi hakusema neno. Alichomoa mchi kinuni, akateremka uani na gauni lake jeupe, nami nyuma yake nimeshika shela. Fabiani alimtwanga kwa kipini cha panga juu ya jicho. Ngozi ikafunguka, damu ikaingia kwenye lesi ya kifua. Bibi hakurudi nyuma hata kidogo. Aliuinua mchi, akaushusha begani mwa Fabiani, na nikasikia mfupa ukivunjika. Ni sauti ndogo, kavu. Nilikuwa nimetegemea kitu kikubwa zaidi. Akaanguka. Bibi akauinua mchi tena, safari hii juu ya kichwa, na sura yake sikuijua. Babu alijikokota kwa tumbo akamshika kifundo cha mguu.

"Utaua! Mama Yustina, utaua, na leo unakula!"

Mchi ukabaki hewani kwa muda, kisha ukashuka taratibu. Wadogo wa Fabiani walitupa mapanga. Jirani mmoja, huku analia, akasema, "Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa," watu wakaanza kucheka kwa woga.

Tukaenda kanisani. Bibi harusi jicho limevimba, bwana harusi ameshikwa makwapani, mimi na shela yangu, na nyuma kabisa Fabiani akiugulia, maana zahanati ya misheni iko ubavuni mwa kanisa na njia ni hiyo hiyo moja. Padre alitupokea mlangoni, akaduwaa.

"Skolastika, hiyo damu ni ya nani?"

"Nusu yangu, Padre, nusu yake."

Akampeleka kuungama kwanza. Tulisubiri sana; kwaya ilimaliza nyimbo ikarudia. Bibi alipotoka hakwenda altareni. Alivuka uwanja hadi kwenye benchi la zahanati, akasimama mbele ya Fabiani. "Nimekusamehe," alisema. "Lakini ukirudi nalivunja na la pili." Padre alitazama mawingu, akatuita ndani.

Alipopokea komunyo alifumba lile jicho moja lililokuwa bado linafumbuka. Kisha akarudi kwenye benchi, akaniinamia. "Sasa umebaki peke yako, mtoto mdogo."

Kijijini walisema Skolastika alipigania shamba. Nami niliamini hivyo hadi nilipokuwa mkubwa, mwaka aliofariki Babu. Baada ya matanga Fabiani alikaa pembeni, bega moja limeinama, akingojea vita ya pili. Bibi alitoka ndani na jembe, watu wakashtuka. Alimkabidhi jembe, akamkabidhi na ufunguo wa nyumba. "Shika, mwanangu. Cha ukoo wenu hicho." Siku hiyo hiyo akapanda kwenda kilima cha kwao, kwenye shamba alilorithi kwa mama yake, ambalo lilikuwa lake siku zote.

Hapo ndipo nilipolielewa neno ambalo Babu alimwomba aliseme: Shamba lenu silitaki. Nilimfuata kule kilimani nikamuuliza kwa nini hakulisema, nikiwa na hasira kidogo, maana niliukumbuka mgongo wa Babu.

"Ningelisema wangenipisha," alijibu, akiendelea kupukuchua maharage. "Ningeingia kanisani kwa ruhusa ya Fabiani. Kwenye lile benchi nilikaa kwa ruhusa za watu miaka yote."

"Na Babu je? Hukujuta?"

Aliligusa kovu juu ya jicho.

"Mgongo wa babu yako niliujutia. Kila masika ulimuuma, nikawa nausugua kwa mafuta, nimenyamaza, naona haya. Na kila nikisugua, yeye akawa anasema kwa sauti, majirani wasikie: 'Sugua hapo, mke wangu wa ndoa.'"