Masikio ya Koboko

Nianze na kifaa chenyewe, maana hakina kosa. Kilikuwa kipoozeo cha prosesa cha minara miwili: mapezi membamba ya alumini yaliyopangwa mapande mawili, mabomba sita ya shaba yakipita ndani yake, na feni mbili, moja mbele na moja katikati. Kizito, jamani! Ukikibeba kwa mkono mmoja utadhani umeshika jogoo wa kienyeji. Aliyeniazima ni mama mmoja Mkongomani mwenye duka la vifaa hapa Arua, Uganda. Watu wa upande wake wa mpaka hunitazama kwenye simu kabla ya kununua kitu, basi akataka nikae nacho wiki moja, nikichambue mbele ya kamera, kisha nimrudishie.

"Sema kweli tu," aliniambia. "Kama iko mubaya, waambie iko mubaya. Mimi hapana kasirika."

Kazi yangu ndiyo hiyo. Nina kibanda cha ufundi wa kompyuta mtaa wa Awindiri, na siku ambazo umeme haujatususia najirekodi nikipima vifaa na kuvieleza kwa Kiswahili. Wapo wanaonicheka. Kiswahili, wanasema, ni lugha ya wanajeshi na wachuuzi, mwanamke mwenye akili zake angeongea Kiingereza. Wacha wacheke. Kompyuta zao zikiungua hawaniulizi naongea lugha gani.

Joto hupimwa na programu, halina ubishi. Kelele ndiyo kazi. Vipimo vya simu sikuviamini hata siku moja, kwa sababu simu inakupa namba tu. Haikwambii kama kelele ni ya upepo, ya beringi au ya skurubu iliyolegea. Kwa hiyo kelele ilipimwa na kaka yangu mkubwa, anayeishi mji wa Koboko. Surua ilimpofusha kabla hajaanza kutembea. Kila feni nilimpelekea, nikaiwasha karibu naye, naye akainamisha kichwa kidogo na kutoa hukumu: "Ya kushoto beringi imekauka. Ya kulia iko sawa, lakini umeibana skurubu vibaya, wewe mtoto." Nikifungua, nakuta ni kweli. Watazamaji walimpenda kuliko walivyonipenda mimi. Walimwita masikio ya Koboko, na nikitoa uchambuzi bila hukumu yake waliniandikia wakiuliza, je, masikio yamesemaje?

Yeye mwenyewe aliishi kwa masikio hayo. Alijifunza kupiga chapa katika shule ya wasioona, na anapiga kasi kuliko mtu yeyote mwenye macho ninayemjua. Makanisa, vikundi vya wakulima na kamati za ardhi walimletea mikutano yao iliyorekodiwa kwenye simu. Alisikiliza, akaandika kila lililosemwa, na kompyuta ikamsomea alichoandika kwa ile sauti yake ya mtu mwenye mafua. Zaidi ya yote, aliwajua wasemaji. Wazee kumi na watano wanazungumza, wengine wakidakiana maneno, naye anaweka jina mbele ya kila kauli bila kukosea. Kwenye mgogoro wa shamba, watu wanataka kujua hasa nani alisema mpaka unapita wapi.

Kiangazi kilichopita akaanza kulalamika. Feni ya kompyuta inanguruma, inafunika sauti, anakosa maneno. Nilimwamini, ningeachaje? Chumba chake kina paa la bati na mashine yake ni ya zamani, ilikuwa inachemka kweli. Nikabadilisha feni. Baada ya miezi miwili, kelele ileile. Nikabadilisha tena, nikaweka vipande vya mpira chini ya kasha. Mara ya tatu nikaweka feni niliyoitoa kwenye mashine yangu mwenyewe. Wakati huohuo kazi yake ikaanza kuharibika. Kamati moja ya ardhi ya kijiji cha Lurujo ilimrudishia karatasi: maneno ya mzee mmoja yalikuwa kinywani mwa mwingine, na watu karibu wapigane. Wakamwambia waziwazi kwamba wanampa mkutano mmoja tu zaidi, na huo nao ukija na makosa watatafuta mtu mwingine. Hao wakiondoka wengine wangewafuata, maana Koboko habari hazilali. Na kaka yangu hakuwa na kazi nyingine ya kukimbilia.

Kwa hiyo nilipokabidhiwa kipoozeo kile nilijua kinakwenda wapi. Kwa mashine ya kuandikia tu, ni kama kuleta trekta kulima bustani ya mchicha. Lakini niliapa kwamba safari hii kelele ile nitaiua. Kikifaa, ningemwomba yule mama aniuzie kwa malipo ya kidogokidogo.

Nilifika kwa kaka yangu asubuhi. Kwa wanaotaka uchambuzi wenyewe: kukifunga kunasumbua. Lazima utoe bodi nzima ndani ya kasha ili uweke bamba la nyuma. Feni ya mbele inagongana na vijiti vya RAM, nikalazimika kuipandisha juu kidogo, na ilipopanda, mfuniko wa pembeni ukagoma kufunga. Bisibisi ndefu inayohitajika haimo ndani ya boksi. Waliokitengeneza wanafikiri kila mtu anazaliwa nayo. Nilitukana kidogo, kwa Kilugbara, kaka yangu akacheka. Lakini nilipowasha na kuipa mashine kazi nzito kwa nusu saa, joto lilishuka mpaka nikadhani programu imeharibika. Na kelele? Nilibandika sikio kwenye bati la kasha. Nilisikia kuku nje, nikamsikia jirani akitwanga. Feni sikuzisikia.

Nilifurahi, sifichi. Nikaweka kamera juu ya kiti, nikampa kaka yangu chai yake, nikasema, "Haya, mheshimiwa jaji. Hukumu."

Aliinamisha kichwa, akakaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida.

"Bado iko na kelele," akasema.

Nilicheka, nikidhani ananitania. Nikapunguza mwendo wa feni. Bado. Nikachomoa feni ya mbele, maana kipoozeo cha namna ile kinaweza kwenda na moja. Akasema labda imepungua kidogo, hapana, bado. Hapo hasira ikanipanda. Nimetoka Arua na kifaa cha watu mapajani, nimevunja kucha mbili nikikifunga, na huyu bwana ananiambia bado?

"Kaka, unanichezea akili."

"Mdogo wangu," alijibu kwa upole, na upole si tabia yake, "mimi nasema ninachosikia."

Nikazima kompyuta. Si feni tu, nilizima mashine yote na kuchomoa waya ukutani, kwa hasira, ili nianze upya. Nikiwa bado nimeinama nikauliza bila kufikiri, "Na sasa?"

"Ileile. Kama mutu iko nasaga mahindi mbali."

Nilitoka nje nikasikiliza. Hakukuwa na mashine ya kusaga, jirani alikwisha acha hata kutwanga. Nikarudi ndani taratibu, nikasimama nyuma yake, upande wa kushoto, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikamwita tena. Aliendelea kunywa chai.

Mungu wangu, tulikuwa wapi? Kwetu mtu asiyeona hupigiwa kelele, sijui nani alitufundisha. Mgeni anayeongea kawaida na watu wote, akifika mbele ya kaka yangu anapaza sauti kana kwamba yuko ng'ambo ya mto. Mama anafanya hivyo, wajomba wanafanya hivyo, hata padri. Na kaka yangu aliwakaripia wote: "Yaliyokufa ni macho! Masikio bado hai, msinipasue!" Kisha mwaka mmoja hivi nyuma akaacha kukaripia. Tukasema amekuwa mtu mzima, amepoa. Mama alimshukuru Mungu kwa hilo. Kumbe kelele zetu ndizo zilizokuwa zikimfikia, na kwa kuwa tulimpigia tangu zamani, hakuna aliyetambua siku alipoanza kuzihitaji. Na mimi, niliyejisifu kwamba simpigii kelele, kila nikija nilikaa karibu naye upande wa kulia, uliokuwa bado unasikia kidogo, mbele ya mashine.

Mimi ndiye wa kulaumiwa kuliko wote. Fundi akiambiwa kuna kelele, anafungua kasha. Nililifungua mara tatu. Mtu aliyekuwa akilalamika sikumpima hata mara moja, na nilimpeleka mbele ya kamera kila mwezi atoe hukumu. Najilaumu mpaka leo, na asije mtu kuniambia nisijilaumu.

Kwa dakika nzima nilitaka kumdanganya. Ilikuwa rahisi: kifaa ni kibovu, nitakirudisha, nitaleta kingine. Angeniamini, na angekaa miezi mingine akisubiri feni. Sikuweza. Nilipiga magoti mbele yake, nikasema kwa nguvu, "Kaka, kompyuta imezimwa. Waya huu hapa." Nikamwekea mkononi. Aliupapasa mpaka kwenye plagi, akayagusa meno yake matatu, moja moja.

"Tangu lini?"

"Kabla hujaniambia habari za mahindi."

"Basi hiyo kelele iko wapi?"

Aliweka waya chini, akajishika kichwa kwa mikono miwili, akakibana, akaachia, akakibana tena.

"Iko huku," akasema. "Iko huku ndani."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniuliza kama kamera inarekodi, nikamwambia ndiyo, akasema zima.

Baadaye tulikwenda hospitali. Daktari alisema mishipa ya kusikia inakufa pande zote mbili na hakuna dawa ya kuirudisha. Chombo cha sikioni kingemsaidia kidogo, kwa muda. Na uchambuzi niliutoa pia, kwa sababu nilikuwa nimeahidi. Nilisema kipoozeo kinapoza vizuri sana, hakina kelele, na mfuniko wa kasha unaweza kugoma. Watu waliuliza masikio yamesemaje.

Lakini siku ile ya kipoozeo tulikuwa na rekodi ya ule mkutano mmoja wa Lurujo, na maandishi yake yalitakiwa kesho yake.

"Washa hiyo mashine yako ya kifahari," kaka yangu alisema. "Vaa hedifoni wewe. Mdomo lete hapa."

Nikakaa kulia kwake, mkono begani mwake. Nilisikiliza kauli moja, nikasimamisha, nikairudia sikioni mwake, naye akaipiga chapa kabla sijamaliza kuvuta pumzi. Maneno yalikwenda vizuri. Majina ndiyo yaliyotushinda. Kila mara aliuliza, "Nani anasema?" na mimi sikujua. Kwangu wote walikuwa wazee tu.

"Anakohoa kabla ya kuanza?"

"Ndiyo."

"Mwenyekiti. Huyo anayefuata, anavuta maneno?"

"Anavuta. Halafu anajichekea mwenyewe."

"Huyo ni fundi cherehani. Endelea."

Tulikwenda hivyo mpaka jua likapita utosini. Mara moja hata tulicheka, mzee mmoja alipomwambia mwenzake kwamba shamba lenyewe ni dogo kuliko mdomo wake. Nikaanza kufikiri kwamba tunaweza, kwamba nitakuja kila wiki, kwamba mtu anaweza kuishi kwa sikio la kuazima.

Kisha wakaingia mashahidi wawili, ndugu, baba mmoja mama mmoja. Mmoja alisema mpaka ulikuwa kwenye kijito. Mwingine alisema hapana, ulikuwa kwenye kichuguu. Kaka yangu akauliza yupi ni yupi, nikamwambia sauti zimefanana.

"Hazifanani. Mudogo anatoa sauti puani."

Nikarudia. Nikarudia tena, zaidi ya mara kumi. Puani, kooni, mimi nilisikia mtu mmoja tu akibishana na nafsi yake. Ndipo akanyoosha mkono akachukua hedifoni, akazivaa, akaongeza sauti mpaka mwisho. Mimi niliyekaa pembeni nilisikia kila neno. Alizibana kwa viganja, akainamisha kichwa kama zamani. Jasho lilimtoka. Nikaomba Mungu, mimi ambaye siombi hovyo.

Akazivua, akaziweka juu ya meza polepole.

"Watu hawa nimecheza nao utotoni," akasema. "Siwajui."

Akaandika kauli ya kijito, na mbele yake, mahali pa jina, akaandika: msemaji hajulikani. Akaandika ya kichuguu, na mbele yake akaandika hivyohivyo. Hakuwahi kuandika maneno hayo katika miaka yote ya kazi yake. Yaliyobaki tuliyamaliza.

Mwishoni alibonyeza vitufe vya kuhifadhi. Spika zake zilikuwa zimefunguliwa mpaka mwisho, na mashine ikatamka kwamba kazi imehifadhiwa, kwa sauti iliyojaa chumba chote, mpaka mwanamke aliyekuwa akipita barabarani akageuka kutazama mlango wetu.

Kaka yangu alisubiri kidogo, vidole vikiwa bado juu ya vitufe.

"Imesema nini?" akaniuliza.