Diski Mpya ya Emile

Emile wa studio ana roho nzuri, kila mtu wa mtaa wetu wa Tshopo atakuambia hivyo. Mimi Mama Philomène ninakaanga mikate ya mafuta mbele ya mlango wake, na ninakuambia roho yake nzuri ni ya siku ya kushiba.

Kazi yake ni kupiga filamu za harusi, za matanga na za dot, yaani siku ya kutoa mahari. Filamu ya dot watu wa hapa hawaipeleki nyumbani, kwa sababu familia zikigombana, atakayeishika ataificha. Wanaiacha kwa Emile. Yeye hana upande, ndivyo walivyokuwa wakisema. Kila mbuzi na kila bahasha iliyotolewa mtaani kwetu ilikuwa ndani ya diski moja, katika kompyuta yake iliyozeeka.

Bon, diski hiyo ikaanza kugonga. Tak, tak, niliisikia huko nje hata mafuta yakichemka. Picha zinakwama, mashine inazimika yenyewe. Emile alijua inakufa, na pesa ya kununulia nyingine hakuwa nayo. Bila diski hana kazi, na hakuna kazi nyingine anayoijua.

Wakati huohuo Timothée, jirani yetu, akafa kwa homa. Alimwacha mke wake Josée na watoto wawili, katika nyumba waliyoijenga pamoja, tofali kwa tofali. Moïse, kaka yake Timothée, akaitamani. Aka! Maiti haijapoa, yeye alishaanza kutangaza kwamba mdogo wake hakutoa mahari, kwamba Josée ni mwanamke wa kuokota, hana haki ya nyumba. Wajomba wa Josée waliopokea mahari hiyo kule Isangi walishakufa wote. Ilibaki filamu tu.

Basi Moïse akaja studio na diski mpya, bado imo ndani ya plastiki yake. Emile aliipokea kwa mikono miwili. Akafungua ubavu wa mashine, akachomeka nyaya, akawasha. Mashine haikuiona. Moïse akanuna, akidhani ameuziwa takataka. Emile akacheka, akamweleza kwamba diski mpya ni kama kiwanja kisichopimwa: kipo, lakini hujengi kitu mpaka kiwekewe mipaka. Akafungua mahali pa kupangia diski, na pale pa diski mpya palikuwa na mstari mweusi. Akaitambulisha kwa mashine, akaikatia sehemu, akaipa herufi yake na jina, akaiandaa. Mstari ukageuka bluu. Jina aliloipa ni Neema.

Moïse akavuta kiti karibu.

"Peleka yote kwa mupya," akasema. "Ile ya Josée, acha. Kisha hii ya zamani, futa yote."

Nilikuwa mlangoni na sahani ya mikate ya Emile. Nikamwambia asifanye, nikamkumbusha kwamba Josée ana watoto. Moïse hakunitazama hata. Emile ndiye aliyenijibu, macho chini.

"Mama Philo, mukono mutupu haulambwi."

Zoba yule, mjinga kabisa. Akafuta.

Siku ya kutoa matanga, yaani kumaliza msiba, Moïse alimwita Emile huyohuyo aje apige filamu. Familia zimekaa uani, Moïse akauliza mahari ya huyu mwanamke iko wapi. Josée hakuogopa, maskini. Alitabasamu kidogo, akamnyooshea Emile kidole, akasema yule alikuwepo, alipiga filamu ya kila kitu, mbuzi na lile koti alilopewa mjomba wangu. Watu wote wakageukia kamera.

"Niliangalia ndani ya mashini, mama," Emile akasema. "Dot yako haiko."

Na kweli haikuwemo. Nikasimama, nikasema ameifuta mwenyewe, nimemwona kwa macho yangu haya. Wakacheka. Mama wa mikate anajua nini mambo ya diski? Mmoja wao akanishika bega akanikalisha. Moïse akamwambia Josée akusanye vitu vyake, akamwambia na Emile asizime kamera. Hakuizima. Alimfuata Josée aliyekuwa analia, godoro kichwani, hadi barabarani, watoto nyuma. Mpaka leo nikikumbuka moyo unaniwaka.

Josée sasa analala kwangu, na asubuhi ananisaidia kukanda unga. Wiki hii Emile anatengeneza filamu hiyo ya matanga, ya kwanza kupigwa tangu apate diski mpya, kwa sababu Moïse anataka nakala yenye muziki. Mlango wa studio hauzuii sauti. Josée anakaa hapo kando ya karai la unga, anajisikia mwenyewe akilia. Emile anarudisha nyuma, kilio kinaanza upya, anarudisha tena, mpaka wimbo uingie mahali pake. Mashine haikwami hata mara moja.