Kanga Yenye Kisanduku

Bi Kheiria wa mtaa wa Al Khuwair hakuwa mtu wa kusema na watu. Alikuwa na kanga. Yeye na wifi yake walitukanana miaka na miaka bila ya yeyote kufungua mdomo: huyu akijitanda yake Ijumaa hii, yule akimjibu kwa nyingine Ijumaa ya pili.

Basi mwaka 2003, Zenebech, mtumishi wake wa Kihabeshi, akaomba kwenda kwao, na hakusema kama atarudi. Roho ikampaa Bi Kheiria. Miaka kumi na moja wamekaa pamoja. Hata Kiswahili Zenebech kajifunzia jikoni kwake. Lakini ambembeleze mtumishi? Hata! Kanga itasema, tena kwa lugha ya kabila la Zenebech, Kigurage.

Mpishi wa jirani, Mgurage, akamwandikia Bi Kheiria maneno ya kanga: "Rudi, nyumba itakuwa kiza." Suud, mwana wa Bi Kheiria, mtu wa kompyuta wizarani mwenye nyumba yake, akakaa kuyapiga chapa. Akakuna kichwa.

"Mama, kila herufi kwenye kompyuta ina nambari yake. Za Kihabeshi zimo, ila hii moja ya Kigurage bado haijapewa."

"Si uipe wewe?"

"Wanatoa wakubwa huko Marekani. Wanakaa kikao."

"Kikao cha herufi moja! Hawana kazi?"

Suud akaweka kisanduku kitupu mahali pake, akawaomba watu wa kiwanda kule India waijaze hiyo herufi kwa mkono. Hawakujaza kitu. Likaja korja zima, kanga ishirini, kila moja na kisanduku chake katikati ya maneno, kimenyooka, kimekolea rangi. Wifi akaiona, akanuna upya, akidhani kasemwa yeye.

Asubuhi ya safari Bi Kheiria akamkabidhi Zenebech kanga yake. "Hapo penye kisanduku pana herufi. Soma tu, utaelewa."

Zenebech akaitandaza, akaitazama sana. "Nzuri, Bibi. Lakini mimi sijui kusoma."

"Kigurage?"

"Chochote. Skuli sikutiwa."

Miaka yote ile, na Bi Kheiria hakuwahi kumuuliza. Aibu ikamshika, ikamshika kweli. Nje, Suud akapiga honi.

"Inasema urudi," akasema Bi Kheiria. "Rudi, mwanangu. Nnaogopa kukaa peke yangu."

Zenebech akaikunja ile kanga. Hakuitia begini, akaiweka juu ya kitanda cha Bi Kheiria.

"Huitaki?"

"Iache hapa hapa, Bibi. Ntakuja kuivaa."