Afisa Ajira na Vyeti Vyake

Afisa ajira wa kiwanda cha samaki, hapa Mwanza, husoma vyeti kwa vidole. Hulamba kidole, hufunua kurasa, hupapasa mhuri kama anayechagua kitenge, kisha hukohoa kidogo, ameridhika. Paskazia, mfagizi aliyewahi kuuza dagaa Bukavu, Kongo, miaka saba, alipoomba kazi ya ukalimani wa Kifaransa alirudishiwa barua yake: "Mama usafi, cheti kiko wapi?"

Leo wanunuzi wasiojua Kiswahili wamefika kutoka Kongo, na mkalimani mwenye vyeti vitatu anawachekea tu. Afisa akachomoza kichwa koridoni, sauti imelainika ghafla. "Dada Paskazia, hebu njoo utuokoe." Paskazia akaegemeza ufagio, akaongea nao Kifaransa, wakacheka, wakasaini mkataba. Afisa akampa mkono yule mkalimani wa vyeti vitatu, akampongeza. Kisha akageuka.

"Mama usafi, pale mlangoni hujadeki."