Tuliosema Hatuendi Popote

Wanaonijua, nikifungua tu mdomo wanaanza kutafuta pa kukaa wacheke. Leo usicheke, au subiri nimalize ndiyo ucheke. Hii sikusimuliwa na bibi wala sikuisikia kijiweni. Imenipata mimi mwenyewe, mchana kweupe, tumbo limejaa viazi, na pombe sijaonja hata tone. Nakuambia mapema kwa sababu najua ndiyo kitu cha kwanza utauliza.

Kazi yangu kutembeza wageni milimani, huku Uporoto, juu ya Mbeya. Shule niliishia kidato cha pili. Hesabu zilinikimbiza, nami nikakimbia kweli, ndiyo maana nina miguu mizuri. Sasa kuna mgeni mmoja wa Uingereza aliniambia kwao watu wanatembea kutwa nzima kwenye vilima, wanakatiza msitu, wanapita vijijini, halafu jioni wanarudi palepale walipotoka. Nikamuuliza, "Mnakuwa mmepoteza ng'ombe?" Akasema hapana, wanatembea tu. Nilicheka wiki nzima. Nilipomaliza kucheka nikaona hapo pana kazi: nitafute njia ya namna hiyo, yenye vilima, miti, na vijiji vya watu wastaarabu, niwe nawapitisha wageni.

Nikamchukua shemeji yangu Asajile, kaka wa mke wangu, twende tukaijaribu. Asajile anapasua mbao. Mpole, mikono kama majembe. Alibeba panga la kuweka alama kwenye miti. Tulipanga kulala kwa mama yao, mama mkwe wangu, kijiji cha ng'ambo ya msitu.

Kabla sijaendelea, kuna jambo lazima ulielewe. Huku kwetu ukikutana na mtu njiani, mkishasalimiana anakuuliza unatoka wapi, unaenda wapi. Unamjibu, unataja kijiji, unataja na nyumba. Watu wa mjini wanasema huo umbea. Umbea gani? Ukungu wa huku mwezi wa saba unameza ng'ombe na kengele yake. Usipofika, yule uliyekutana naye ndiye atasema, "Nilimwona pale, alikuwa anaenda kwa fulani," watu wajue pa kuanzia kukutafuta. Hata mtoto mdogo anajibu. Mimi tu, kwa ujinga wangu, ndiyo nilikuwa najibu utani.

Asubuhi ile tuliwakuta kina mama wanachimba viazi. Mmoja akainua kichwa. "Mnaenda wapi, baba?"

"Naenda kuoa."

"Na hiyo sura?"

"Sura nimeiacha nyumbani, hii ya kutembelea."

Walicheka mpaka mmoja akanirushia kiazi kilichooza. Nikainama, kikampata Asajile kifuani. Akajifuta, tukatembea kidogo, ndipo akasema, "Shemeji, uwe unawajibu watu vizuri."

"Nikiwajibu vizuri watanipa nini?"

"Watakutafuta."

Nilimcheka hadi tukaingia msituni.

Misindano, ile misonobari ya kupandwa, iliisha, ukaanza msitu wa zamani wenyewe, ule wa miti yenye ndevu. Saa saba mchana, lakini ukungu umeshuka mpaka mgongo wa Asajile mbele yangu naubahatisha. Tukafika kwenye shimo la wapasua mbao wa zamani, si unalijua? Gogo linawekwa juu ya shimo, mmoja anasimama chini, mwingine juu, wanavuta msumeno. Pembeni ya shimo, juu ya jiwe, amekaa mtu. Koti zito la mvua, miguu peku kwenye baridi ile, gongo la mti magotini. Hakutusalimia. Hapo ilinipasa nishtuke, kwa sababu nani huku anakuuliza kitu bila kukusalimia?

"Mnatoka wapi?" Sauti ya mtu aliyeamshwa usingizini.

"Nyuma," nikasema.

"Mnaenda wapi?"

Asajile alishafungua mdomo ajibu. Nilimwona. Nikamuwahi. Mungu anisamehe, nikamuwahi.

"Hatuendi popote, mzee. Tunatembea tu."

Yule mtu akatikisa kichwa polepole. Akasema, "Basi mmefika."

Sikuona gongo likiinuka. Nilisikia tu mlio kama kuni kavu inavunjwa gotini, Asajile akapiga magoti anatema damu na meno, taya imening'inia upande. Yaani mtu ambaye hakusema neno! Lakini mpole ukimjeruhi ni mwingine. Alinyanyuka na panga, akamkata yule mtu begani kwa nguvu zake zote. Niamini, panga lilizama nusu, na damu hakuna. Mlio ulikuwa wa panga kwenye gogo bichi, na likanasa. Yule mtu akalitazama kama unavyotazama nzi, akalichomoa, akalitupa shimoni. Mpaka leo nasikilizia litue.

Mimi nikafanya nini? Nikakimbia. Ndiyo, nilimwacha shemeji yangu. Nilikimbia mteremko mpaka kifua kikawaka, nikatokea kwenye lile jiwe. Nikageuka, nikakimbia kupanda. Nikatokea kwenye lile jiwe. Mara ya tatu nilifumba macho kabisa, nikajikwaa, nikaanguka mbele ya ile miguu peku. Nilishasema siendi popote. Ningeenda wapi?

Alikuwa amemshika Asajile mguu, anamburuta kwenda shimoni. Asajile anang'ang'ania mizizi, kucha zinabaki kwenye udongo. Nikamkamata mkono, navuta kwangu. Gongo likashuka kwenye vidole vyangu, viwili vikapinda vibaya. Nikashika kwa mkono mwingine. Likashuka mbavuni, pumzi ikakata. Halafu akanikanyaga shingo. Unyayo ulikuwa wa baridi na unanuka unga wa mbao mbichi. Mdomo wangu umejaa matope, shemeji yangu kiuno kimeshaingia shimoni, ndipo nikalia kama kitoto kichanga.

"Naenda kwa mama mkwe! Ng'ambo ya msitu, nyumba ya bati nyuma ya kanisa! Amepika kande, amesema tusichelewe!"

Unyayo ukatoka shingoni.

"Pita," akasema.

"Na huyu! Tunaenda wote!"

"Ajibu mwenyewe. Wewe ulishamjibia."

Atajibu na taya gani? Asajile akatoa sauti kama ng'ombe anayechinjwa. Yule mtu akainama, akatega sikio, akasema, "Sijasikia." Akampiga mgongoni. Asajile akajaribu tena. "Sijasikia." Akampiga tena. Mimi napiga kelele, "Anaenda kwa mama yake!" Hata kunigeukia hakunigeukia.

Basi Asajile akaachia mizizi. Nikajua amekata tamaa, sasa anazama. Kumbe alitaka mikono. Akaishika taya yake kwa mikono miwili, akaisukuma juu, nikasikia ule msagiko, macho yakampinduka, akasema neno kwa neno, damu inapita katikati ya vidole:

"Naenda. Kwa. Mama."

Yule mtu akamwachia mguu. Akarudi kwenye jiwe, akakaa, akaweka gongo magotini, akatazama njia kama vile hatujawahi kupita.

Nilimvuta Asajile, nikambeba mgongoni, mtu mkubwa kunizidi. Hatua mia mbili hivi, ukungu ukaisha, na nyumba ya mama mkwe ile pale.

Mama mkwe alitazama taya ya mwanaye, akatazama vidole vyangu. "Mmegombania nini?"

Nilieleza. Nilieleza kwake, nikaeleza hospitali, nikaeleza kwenye kikao cha ukoo. Hakuna aliyeniamini. Asajile mdomo umefungwa nyaya, anatikisa kichwa tu kwamba siyo mimi, wakasema ananificha kwa ajili ya dada yake. Mke wangu mwenyewe akaniambia, "Wewe tangu nikujue ni utani. Leo nianze kukuamini?" Ningemlaumuje? Vidole viwili hadi leo havikunjiki.

Asajile taya ilipona, upande. Msituni haendi tena. Juzi nimekutana naye njiani, nikasahau, nikamuuliza kama watu wote wanavyouliza, "Unaenda wapi, shemeji?"

Akasimama. Akasema anatoka nyumbani kwake, anaenda sokoni, ananunua chumvi na betri, anarudi saa tisa, anakula kwake, analala kwake. Mate yanamtoka pembeni ya mdomo, na macho hayakuwa kwangu, yalikuwa nyuma yangu.

"Nimesikia, shemeji," nikasema.

Hakuondoka. Ikabidi niseme tena, kwa nguvu, "Nimesikia!" Ndipo akapita.

Sasa wewe unayependa kutembea vilimani, karibu sana, hewa ni nzuri na watu ni wakarimu. Ukiulizwa unaenda wapi, jibu. Taja kijiji, taja nyumba, taja na chakula ukikijua. Na kama mko wawili, usimjibie mwenzako.