Pipa la Ketchum Hill

"Shuka, Opal! Pipa hilo si lako."

"Nishuke niende wapi, shoga? Mimi nina themanini na moja, wewe sabini na tisa. Keki yako ya kuzaliwa tumeila juzijuzi hapa, au nayo ilikuwa ya mtu mwingine?"

Ardis Thibeault alimtazama Opal Dinsmore, aliyejipachika ndani ya pipa la viazi katikati ya ukumbi wa michezo kama kuku anayeatamia, akatamani kulisukuma libingirike mpaka Kanada.

Pipa hilo ndilo fahari ya sekondari ya Ketchum Hill. Zamani, bei ya viazi ilipoanguka na viazi vikazagaa hata ng'ombe wakavinunia, mishahara ilikosekana. Walimu wakalipwa mapipa ya viazi, wala hakuna aliyefunga mlango wa darasa. Tangu hapo, kila mahafali, trekta hutangulia mbele ya wahitimu likivuta pipa lililochongwa kiti, na ndani yake huketi mkongwe kuliko wote waliosoma pale. Mzee Hascall alikikalia miaka na miaka, watu wakadhani kifo kimesahau njia ya kwake. Majira ya baridi yaliyopita kikaikumbuka.

Na Ardis alikitaka kiti kile kuliko pepo. Shule ile ndiyo iliyomfanya mtu. Timu yao ya mpira wa kikapu ilikuwa wasichana watano, wa akiba hakuna; kwenye fainali alivunjika kidole, akarusha kwa mkono wa kushoto, mpira ukaenda kupiga hodi darini kwanza ndipo ukaingia wavuni. Kila vuli shule ikifungwa kwa mavuno, aliokota viazi mpaka wavulana wakajitia kuumwa migongo. Baadaye akaendesha basi la shule, na hakuna mtoto aliyemwacha njiani, hata mwaka ule theluji ilipofunika mlingoti wa bendera akawa anawapakia kupitia madirisha ya ghorofani.

Kikwazo kilikuwa kimoja: umri. Sekondari alianza amechelewa, kwa kumuuguza mama yake. Kisha akaja Lucien, kijana wa ng'ambo ya mto, akasema mbele za watu kwamba yeye haoi mwanamke aliyemzidi umri. Ardis akajimenya miaka minne kama anavyomenya kiazi, na waliouliza ilikuwaje akasoma na wakubwa akawaambia alirushwa madarasa kwa akili nyingi. Ndoa ikafungwa, uongo ukazeeka nao kitanda kimoja.

"Bibi zangu," alisema Tolman, mwalimu mkuu, ambaye Ardis alimpakia basini akiwa bado anavuta kamasi, "mahafali ni kesho. Mkubwa ni nani?"

"Mimi," alisema Opal. "Huyu akili zilimrusha madarasa, hamkumbuki? Basi zimrushe na leo."

"Opal, usinichokoze."

"Nitakupungia mkono, mwenzangu. Kaa pale kwa watoto, mkongwe nipite."

Ardis aliutazama ukuta, picha ya wasichana watano, yeye katikati na kidole chake kimefungwa kitambaa. Akawaza kitanda, akawaza pipa.

"Themanini na tatu!" alifoka, ukumbi ukaitikia. "Nina themanini na tatu, Opal, na nilikuwa mkubwa kuliko darasa zima! Sikurushwa popote! Nilimdanganya Lucien ili anioe, na ningemdanganya tena! Sasa toka kwenye kiti changu!"

Opal alishuka mwenyewe, mdomo wazi.

"Lucien hajui?" alinong'ona. "Miaka yote hii? Sasa utamwambia n—"

Mlango ukalia. Lucien aliingia akipangusa viatu, kofia mkononi. Kwapani alibeba mto wa kukalia, wa rangi ya kijani ya shule, wa duara, uliokatwa sawasawa na tako la pipa, umeshonwa kwa mkono mshono mdogomdogo, wa kazi ya majuma, na katikati umetariziwa: 83.